Hariri Kwenye Mkono wa Baba

Tumefundishwa tutaje mazuri ya maiti wetu. Ami yangu Nassor, kaka mkubwa wa baba yangu, alipofariki, hitima yake ilisomwa kwake Bububu, na baada ya dua watu wakakaa wakamtaja. Mmoja akasema marehemu alikuwa mtu wa dini. Wa pili akasema alikuwa mtu wa dini sana. Wa tatu, ambaye alikuwa jirani yake na kwa hivyo alimjua, akasema kanzu zake zilikuwa safi daima. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, nikiyasikia yote na kutafuta la kwangu la kusema. Nilitafuta kwa uaminifu. Kisha ikapitishwa sahani ya halua, harufu ya iliki na zafarani ikanijaa puani, nikaacha kutafuta.

Yaliyotokea yalitokea nikiwa na miaka tisa. Nitayaandika kwa mpangilio wake, kwa sababu yamesimuliwa sana katika ukoo wetu na kila mara yamesimuliwa vibaya, na wa kwanza kuyasimulia vibaya alikuwa Ami Nassor mwenyewe.

Baba alikuwa mpika halua. Alipikia uani kwetu, Mji Mkongwe, upande wa Malindi, katika karai la shaba lililokuwa pana kuliko meza yetu ya kulia. Wanga, sukari, samli, lozi, maji ya waridi: vitu hivyo mtu yeyote anaweza kuvinunua. Kazi yenyewe imo mkononi. Halua hukorogwa saa mbili na zaidi bila kupumzika, kwa mwiko mrefu mfano wa kasia, na ikianza kushika huwa nzito kama udongo wa kufinyangia. Mkorogaji huunyosha mkono mpaka mwiko ufike ukingo wa pili wa karai, akauvuta, akaunyosha tena, maelfu ya mara. Mkono usionyooka haukorogi halua. Baba alikuwa na mkono wa kulia ambao watu walikuja kuutazama. Walijidai wamekuja kununua, lakini walisimama uani wakautazama.

Mimi mtaani waliniita Redio. Nilijua nani kagombana na nani, nani kaletewa posa, paka wa nani kazalia kabatini kwa nani. Nilisimulia kwa mpangilio na kwa saa zake, nikaandika pia katika daftari. Baba alicheka. Mama alisema mdomo wangu umejengwa bila ya mlango.

Ulikuwa mwezi wa Shaaban, harusi zinafuatana kabla ya Ramadhani, na karai halikuwa linapoa. Asubuhi moja figa lilipasuka kwa moto, karai likainama, na Baba, badala ya kuruka nyuma kama mtu mwenye akili, akalizuia kwa mkono kama anavyodakwa mtoto anayeanguka. Halua iliyokuwa ikichemka ikammiminikia mkono wa kulia kuanzia kifundo mpaka juu ya kiwiko. Maji ya moto yakikumwagikia yanakuunguza yakaenda zake. Halua hukaa.

Mama alimmwagia maji baridi nusu saa nzima, ndoo baada ya ndoo. Ndilo jambo pekee la maana lililofanywa siku ile, na lilikwisha pale watu walipoanza kuingia.

Kabla ya adhuhuri nyumba yetu ilikuwa imejaa madaktari. Jirani wa kushoto alileta dawa ya meno. Jirani wa kulia alileta kahawa iliyosagwa na kusema dawa ya meno ni ujinga. Mtu mmoja, ambaye mpaka leo sijui alipitia mlango gani, alishauri grisi ya baiskeli, akakaa kungoja iletwe. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza Baba anasikiaje. Walikuwa wakiutazama ule mkono kama wanawake wanavyoitazama sufuria ya mwenzao, kila mmoja na yakini kwamba angepika vizuri zaidi.

Ami Nassor alifika kutoka Bububu na mayai sita ya kienyeji ndani ya mfuko.

"Ute wa yai," akatangaza toka mlangoni. "Ngozi inataka ute. Mzee wetu aliungua kule shamba Kidichi, akapakwa ute, na kidonda kikaanza kukauka."

"Mzee yupi huyo, shemeji?" Mama akauliza.

"Babu yetu mzaa baba."

"Si ndiye aliyekufa?"

"Alikufa kwa homa, Bi Salma. Kidonda hakikuwa na neno."

Akavunja mayai. Alimpaka Baba ute kwa manyoya ya kuku, kwa utulivu wa mtu anayepaka rangi jahazi lake, akamfunga kwa kipande cha kanga kuukuu, akaomba chai. Siku ya tatu chumba kilinuka. Baba alikuwa na homa na alisema maneno yasiyofuatana, na Mama, bila ya kumuuliza mtu, akaenda kumwita Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi alikuwa muuguzi. Alikaa kwenye majumba ya Michenzani, ghorofa ya nne, na kwa miaka mingi kazi yake hospitali ilikuwa kusafisha na kufunga vidonda. Wazee wake walitoka bara, jambo ambalo yeye alikuwa halikumbuki mara kwa mara na Ami Nassor alikuwa akilikumbuka kwa niaba yake. Alikuja na vespa, kofia ngumu juu ya mtandio, akafungua ile kanga, akanusa.

"Nani kampika huyu?"

"Ni ute wa yai," Ami akasema. Alikuwepo, siku hizo alikuwepo sana, kwa sababu palikuwa na wageni na wageni hupikiwa.

"Naona. Bado unga na sukari tu tupate keki."

Ami hakucheka. Mimi nilicheka, nikakatwa jicho.

Bi Mwanaidi alimsafisha Baba kwa maji ya chumvi aliyokuja nayo kwenye chupa, polepole, tangu alasiri mpaka karibu na magharibi. Baba aling'ata pindo la shuka. Mimi nilikaa miguuni pake nikishika taa na kuuliza maswali, na Bi Mwanaidi, tofauti na watu wazima wote niliowajua, aliyajibu.

"Kwani yai ni baya?"

"Si baya kwa ukoo wake. Ngozi yako, nywele zako, ute wa yai, hariri, vyote ni ukoo mmoja, vyote ni protini. Mwili humjua jamaa yake ukampokea. Lakini jamaa akiingia na miguu ya matope, huyo hakuletei heri. Yai bichi lina wadudu wake, na baba yako hana ngozi ya kuwazuia mlangoni."

Siku ya pili yake alirudi na bahasha. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya kitu chembamba kama ganda la ndani la kitunguu, kila kimoja kwenye paketi yake. Alikuwa amepelekewa na daktari mmoja aliyepata kufanya naye kazi. Alitueleza kwamba kule vinakotengenezwa huchukua vifuko vya viwavi wa hariri, wakavichemsha, wakavisafisha ile gundi yake, wakaiyeyusha hariri na kuitandaza mpaka ikawa utando. Utando ule ukilazwa juu ya kidonda safi, ngozi mpya hujenga chini yake kwa utulivu, kama mtu anayefanya kazi nyuma ya pazia.

"Hariri?" Baba akauliza. Homa ilikuwa imeanza kumwacha.

"Hariri ya dawa, Bwana Seif."

Baba akafumba macho.

Alikilaza kipande kimoja kwenye kiwiko, upande wa ndani, pale mkono unapokunjika. Kwingine alifunga shashi yenye mafuta. Kisha akatuita wote, akazungumza kama mtu anayesoma mashtaka.

"Kovu la moto hujikunja. Mahali pengine likijikunja ni baka tu. Hapa likijikunja, mkono huu utabaki umepinda kama mpini wa buli, na halua mtainunua kwa watu. Utando huu asiuvue mtu. Utabanduka wenyewe ngozi ikishajenga, siku kumi au kumi na mbili. Nimesema asiuvue mtu. Kipande cha pili si chenu, kuna mtoto wodini kaangukia chungu cha uji."

Sasa inabidi nieleze nilichokuwa nacho kichwani. Chuoni kwa Maalim, tulikosoma Kurani na dini, tulikuwa tumefika mlango wa mavazi: dhahabu na hariri ni haramu kwa wanaume. Maalim mwenyewe alilipita hilo kwa sentensi moja. Lakini alikuwepo msaidizi wake, kijana mwenye ndevu sita au saba, aliyependa moto kuliko jambo jingine lolote katika dini, na kila somo alilimalizia huko. Kwa hivyo nilitoka na hesabu yangu: mwanamume akivaa hariri, moto humwanza pale pale ilipomgusa. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Niliijumlisha mwenyewe, na nikajiona nina akili.

Kila asubuhi Mama alipombadilisha Baba shashi, niliukagua utando na kuandika. Siku ya kwanza ulikuwa umelowa, unang'ara kama kioo. Siku ya pili ulikauka. Siku ya tatu ukawa na umanjano pembeni, na Baba akasema hasikii maumivu pale kiwikoni kama anavyoyasikia kwingine. Siku ya nne na ya tano sikuona jipya. Siku ya sita, nilipousogelea, niliona chini ya utando kitu chekundu, laini, kinachometameta, na Baba alipopumua kikawa kama kinapumua naye. Kilikuwa mfano wa kaa la moto chini ya jivu.

Ilikuwa ngozi mpya. Mkono wa baba yangu haukuwa na habari njema zaidi ya ile ya kunionyesha. Mimi niliona moto.

Ilikuwa Ijumaa. Ami Nassor alitoka msikitini akaja kwetu kula, kama desturi yake. Nilimkuta peke yake mbele ya sinia ya pilau. Ningeweza kumwambia Mama, aliyekuwa jikoni. Ningeweza kumuuliza Baba. Lakini mimi nilikuwa na habari, na habari nilitaka kuipeleka kwa mtu atakayeishangaa.

"Ami, Baba amevaa hariri, na moto umeshaanza kumrudi."

Aliweka tonge chini. Sijapata kumwona tena akifanya hivyo.

"Nani kakwambia?"

"Nimeona. Mwekundu. Unang'aa kwa chini."

Akanitazama kwa heshima. Mkubwa hakuwahi kunitazama hivyo kabla ya siku ile. "Nyumba nzima hii," akasema, "mwenye dini ni mtoto huyu." Niseme ukweli wote: nilifurahi. Nilifurahi mpaka masikio yakapata joto.

Akainuka na mkono wake wenye samli, akaingia chumbani.

"Seif, umevaa hariri?"

"Ni dawa, kaka."

"Sikukuuliza dawa. Umevaa, hukuvaa?"

"Nimebandikwa."

"Na umesali?"

"Nimesali."

"Siku ngapi?"

"Sita, bila ya leo."

"Sala thelathini," Ami akasema. Hesabu za wenzake hazikumshinda kamwe. "Sala thelathini na hariri mkononi, Seif! Unadhani zimekwenda wapi?"

Mama alikwishafika mlangoni, upawa mkononi. "Shemeji, Bi Mwanaidi kasema usiguswe huo."

"Bi Mwanaidi ni nani? Mtu wa Michenzani ndiye wa kutufundisha sisi halali na haramu?"

"Hatufundishi kitu. Anafunga kidonda."

"Afunge kwa pamba. Pamba ina dhambi gani?"

"Basi kamuulize Maalim kwanza. Msikiti si huo hapo? Hatua arubaini."

"Haramu iliyo wazi haiulizwi."

"Na kile kilemba chako cha harusini kinachoteleza, shemeji, kile ni pamba?"

"Kile," Ami akasema, "ni cha heshima."

Hatua zenyewe hazikuwa arubaini. Nilikuwa nimezihesabu zamani. Zilikuwa thelathini na nane. Ami Nassor, aliyekuwa amekuja kwa miguu yake kutoka msikiti ule ule dakika ishirini nyuma, hakuona haja ya kuzirudi.

Nimefikiri sana kwa nini Baba alikubali. Baba yao alipokufa Ami alikuwa kijana na Baba mtoto wa miaka minne, na kwetu kaka mkubwa akishakuwa baba haachi tena kuwa baba, hata awe mjinga namna gani. Baba hakuwahi kumwambia hapana. Na juu ya hilo, alikuwa mtu anayeogopa kwa ajili ya sala zake kwa kweli, siyo kwa kusimulia barazani. Alimtazama Mama, akautazama mkono.

"Itoe basi, kaka."

Ami aliomba maji ya uvuguvugu na chumvi. Akaulowesha utando, akainua ukingo kwa ukucha wa kidole gumba, akavuta. Haukutoka peke yake. Ulitoka kwa sauti niliyoijua, sauti ya karatasi inapobanduliwa kwenye halua ya jana. Baba hakupiga kelele. Alisema "Kaka," mara moja tu.

"Unaona?" Ami akamwambia Mama, damu ikichuruzika mpaka kwenye mkeka. "Unaona damu mbaya inavyotoka?"

Akamfunga kwa pamba, pamba tupu, nyuzi zake zikazama kwenye nyama. Kisha akanawa mikono akarudi kwenye pilau yake. Aliimaliza. Akaomba achari.

Mimi nilibaki na beseni. Niliinama nikautafuta ule moto, kwa sababu niliamini umo humo, umezimwa na maji. Mlikuwa na utando, na juu ya utando ngozi ya baba yangu, nyembamba, ya pinki, mpya kabisa.

Bi Mwanaidi alikuja siku ya pili. Alifungua pamba, na ikawa lazima aing'oe uzi mmoja mmoja. Hakupayuka. Aliniambia tu, "Redio, njoo unionyeshe nyumba ya Maalim."

Hatukufika nyumbani kwake. Tulimkuta njiani kwa fundi viatu, amesimama, mguu mmoja juu ya kipande cha boksi, anangoja ndara yake ishonwe. Bi Mwanaidi akamwamkia na kumweleza kwa maneno machache.

"Kwa dawa?" Maalim akasema. "Masahaba waliruhusiwa hariri kwa upele unaowasha tu, seuze kuungua! Nani kasema haifai?"

"Kaka yake, Bwana Nassor."

"Nassor wa Bububu? Mbona jana tulisali safu moja? Si angeniuliza?"

"Ndara tayari, Maalim," fundi akasema.

Jibu zima lilichukua muda mfupi kuliko kushona kamba ya ndara. Nimeishi na jambo hilo. Jibu lilikuwepo mlangoni petu siku zote, halina gharama, limesimama kwa mguu mmoja.

Ijumaa iliyofuata Bi Mwanaidi alimngoja Ami makusudi, akampa jibu la Maalim mbele yetu sote. Ami alilisikiliza mpaka mwisho huku akichokoa meno.

"Mimi nilitahadhari tu," akasema. "Kutahadhari si dhambi."

Tangu siku ile neno hilo silisikii bila ya kumtazama vizuri anayelisema. Yuko mtu wa namna hiyo katika kila nyumba. Uvivu wake wa kuuliza huuita uchamungu, ukali wake huuita uangalifu, na madhara yakitokea yanatokea siku zote kwenye mwili wa mtu mwingine.

"Na kile kipande cha pili?" Baba akauliza. Aliuliza chini chini, kama anayeomba maji nyumba ya watu.

"Nimempa yule mtoto wa uji, Bwana Seif," Bi Mwanaidi akasema. "Mkono wake unanyooka."

"Alhamdulillahi," Baba akasema, na namjua, alikuwa hasemi kwa mdomo tu.

Bi Mwanaidi hakutuacha. Alikuja karibu kila siku kwa miezi, akaufunga mkono kwenye kipande cha ubao usiku usisinyae, akaunyosha mchana mpaka Baba akatokwa na jasho. Kidonda kilichafuka tena mara mbili. Kilipofunga, kovu lilikuwa limesimama kiwikoni kama kamba, na kamba ile ilivuta. Mkono ulifunguka mpaka nusu, ukakwama.

Huku nje habari ilikuwa ikienda kwa mdomo wa Ami. Seif kavishwa hariri na muuguzi wa Michenzani, hariri ikamla mkono. Bahati yeye, kaka yake, aliwahi. Barazani walitikisa vichwa. Walikuwa watu wazima, wana watoto, wanafanya biashara, na hakuna aliyeuliza vipi utando unaokula mkono ulikuwa umetuliza maumivu. Mtoto wa nyumba ya tatu alipomwagikiwa chai, mama yake alisema bora ampake dawa ya meno kuliko kumwita "yule mwanamke wa hariri". Bi Mwanaidi aliacha kuitwa mtaani kwetu. Mimi, niliyekuwa na daftari lenye kila siku na kila rangi, nilinyamaza. Watu walisema Redio imeharibika. Ilikuwa imeharibika zamani. Ilipokuwa inasema ndipo ilipokuwa imeharibika zaidi.

Kazi yangu ikawa kumkanda Baba kovu kwa mafuta ya nazi baada ya alasiri. Kamba ile ilikuwa ngumu chini ya kidole changu, haibonyei. Alasiri moja nilishindwa kuendelea.

"Baba, mimi ndiye niliyemwambia Ami."

"Nnajua."

"Unajua?"

"Siku ile ile alinambia. Alikusifu sana."

"Niliona moto, Baba. Nilidhani moto."

Aliuchukua mkono wangu akaurudisha juu ya kovu, niendelee kukanda.

"Wewe ulikuwa na miaka tisa," akasema. "Yeye alikuwa na miaka hamsini na miwili."

Sikupata kumsikia kabla ya hapo wala baadaye akisema neno dhidi ya kaka yake, na hata hilo ukilitazama ni hesabu tu.

Baada ya Idi Kubwa oda zikaanza kurudi, na mkono wa kuzikoroga haukuwepo. Baba alijaribu mara moja. Mwiko wake ulifika katikati ya karai, na halua ya upande wa pili ikashika chini ikaungua. Harufu ya sukari iliyoungua ilikaa uani siku mbili. Ndipo Mama alipojifunga kanga kifuani, akavuta kigoda cha Baba karibu na moto, akamkalisha, akaushika mwiko yeye.

"Sema," akamwambia. "Mimi nina mikono, wewe una ujuzi."

Baba akasema. Sasa, sasa vuta, zungusha, usiiache pembeni, Salma, pembeni ndipo inapokufia. Mama alikuwa mbaya siku ya kwanza, na siku ya pili, na wiki ya pili hakuwa mbaya. Mimi nilikaa mkekani nikimenya iliki.

Ami Nassor alitukuta hivyo, Ijumaa, kanzu inang'aa.

"Mwanamke anakoroga halua?" akasema. "Watu watasema nini?"

"Watasema tamu, Mungu akipenda," Mama akasema, bila ya kusita kukoroga.

"Halua inataka mkono wa mwanamume, Bi Salma."

Mama alisimamisha kazi. Akaugeuza mwiko, mpini kwake, akamnyooshea.

"Si huo hapo unao, shemeji? Shika."

Ami aliutazama mwiko. Aliutazama moto, akaitazama kanzu yake. "Mgongo wangu huu..." akasema.

"Pole," Mama akasema, akarudi kukoroga.

Akanigeukia mimi, nadhani ili apate pa kuangukia. Kwetu mtoto hamngoji mkubwa amwite. Hukimbilia mkono, akasema shikamoo, akaubusu. Asiyefanya hivyo aibu si yake, ni ya baba yake, na Baba alikuwa mkali wa hilo kuliko jambo lolote. Aliwahi kunirudisha kutoka chuoni kwa sababu nilimpita muuza mkaa bila ya kumwamkia. Ami akaninyooshea mkono wake wa kulia.

"Haya, mwenye dini wangu. Husalimii?"

Nilimenya iliki. Nikachukua nyingine, nikamenya. Nilisikia mwiko wa Mama umepunguza mwendo. Nilijua Baba ananitazama, na nilijua nikiinua macho na kumkuta amekunja uso, nitainuka nitaubusu ule mkono na nitaubusu maisha yangu yote. Nikainua macho. Hakuwa amekunja uso. Alikuwa amekaa juu ya kigoda, mkono wake uliopinda juu ya goti, akimtazama kaka yake.

"Mwache, kaka," akasema. "Ana kazi."

Mkono wa Ami ukabaki hewani kidogo, umenyooka vizuri kabisa, kisha akautia mfukoni.